Matope ya Tobuvula

Majirani wa Torika mtaani Raiwaqa, mjini Suva, walishakata tamaa ya kuielewa kazi yake. Asubuhi walimwona akitoka nadhifu kama karani wa benki, jioni wakamwona akirudi na uchafu wa kijivu chini ya kucha. Jirani mmoja, muuza mikate ya nazi, alimuuliza siku moja bila kuzunguka:

"Mwenzangu, hivi pale maabara wanakufinyangisha vyungu?"

"Wananipikisha matope."

"Haya. Na mlaji nani?"

"Mashine," Torika alisema. "Na haishibi."

Wakacheka, mambo yakaishia hapo. Lakini jibu lile lilikuwa la kweli kuliko alivyodhani jirani. Torika alikuwa fundi wa matope ya kulinganishia. Mwenye duka hawezi kujua kama mizani yake inasema kweli mpaka aweke jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Vivyo hivyo, anayepima sumu katika matope ya mto au ya bandari hana hakika na mashine yake mpaka ailishe kwanza matope ambayo sumu yake imeshajulikana. Matope hayo huchotwa, hugandishwa, hukaushwa, husagwa na kuchekechwa mpaka yawe laini kama poda ya mtoto. Kisha hubingirishwa ndani ya pipa siku nenda siku rudi, hadi kijiko cha juu kisitofautiane na kijiko cha chini. Ndipo hutiwa katika chupa za kahawia, na kila chupa huwa pacha wa mwenzake. Ni kazi ya subira, na subira Torika alikuwa nayo. Hakuwa ameolewa. Alikuwa amemuuguza mama yake mpaka kaburini, na toka ujana alikuwa mtu wa kusikiliza zaidi ya kusema.

Matope machafu hayakuwa taabu kuyapata. Bandari ya Suva ilikuwa nayo ya kumwaga. Taabu ilikuwa matope safi, yale ya kuionyesha mashine pasipo na kitu ili ijulikane itasema nini. Mkuu wake, Dakta Ambika Deo, mwanamke mwembamba aliyening'iniza miwani yake shingoni kwa kamba, alikuwa amechotesha matope katika visiwa kadhaa, na kila alikopeleka ndoo palikutwa kitu: dawa za mashamba, masizi, mafuta ya boti.

"Nitafutie mahali ambapo binadamu hajatia mguu," alimwambia Torika wakiwa kwenye chai. "Si mvuvi, si mtalii, si mchungaji."

Torika alikizungusha kikombe chake mezani. "Pako mahali pamoja," alisema hatimaye. "Kwao mama."

Mama yake alizaliwa Vatuloa, kisiwa kidogo ambacho meli hukifikia ikipenda. Nyuma ya kijiji, upande wa pili wa mwamba, kuna bwawa lililozungukwa na mikoko, nalo linaungana na bahari kwa ufa mwembamba tu. Linaitwa Tobuvula. Inasemwa kwamba zamani binti wa chifu alizama humo, na tangu hapo hapavuliwi, hapakatwi kuni, wala mtoto haruhusiwi kupanyooshea kidole. Mama yake Torika alipolitaja bwawa hilo alikuwa akishusha sauti, hata akiwa huku mjini, jikoni mwake, redio ikiwa imewashwa.

Torika akafunga safari. Alibeba mizizi ya yaqona, ile ya kinywaji cha heshima, kwa ajili ya wazee, kama adabu inavyotaka kwa mgeni na hata kwa mwenyeji aliyepotea muda mrefu. Wazee wakaipokea, ikapondwa, ikanywewa kwa kifuu. Chifu, mwanamume wa makamo aliyewahi kusoma Suva, hakuona tatizo.

"Eneo lile ni la ukoo wa mama yako," alisema. "Emosi akikubali, mimi sina neno."

Emosi alikuwa mjomba wake Torika, kaka pekee wa mama yake aliyekuwa bado hai. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa. Zamani alikuwa mlinzi wa kiwanda cha kusindika samaki kilichokuwa ng'ambo ya kisiwa, kabla hakijafungwa. Mkewe alishakufa, akabaki na binti yake Losalini, aliyempikia na kumchokoza kutwa kucha. Kwa mila ya huko, binti wa mjomba na binti wa shangazi huitana wifi, na utani baina yao hauna mpaka.

"Wifi, umekuja kutuchukulia matope," Losalini alisema akimenya mihogo. "Huko Suva mmeshamaliza yenu?"

"Yetu yana harufu ya wanaume."

"Basi ungechukua na mmoja uje naye. Hapa tumebaki na mapadri na mbuzi."

Emosi hakucheka. Aliweka bakuli chini na kusema, "Mwanangu, matope ni matope. Chota pale gatini. Chota kwenye shamba langu la magimbi, sitakuzuia. Kwa nini pale?"

"Kwa sababu pale hajafika mtu, Mjomba."

"Hilo umelijuaje?"

"Wewe na mama ndio mlioniambia."

Mzee akatazama mkeka. Torika, ambaye hakuwahi kumwomba mjomba wake chochote maishani, aliona aibu kidogo, lakini alilisema neno ambalo mila imemwekea: "Mjomba, mimi ni mtoto wa dada yako." Mtoto wa dada hanyimwi kwa wajomba zake. Akiomba nguruwe aliyefungiwa harusi, hufunguliwa akapewa. Emosi alilijua hilo kabla Torika hajazaliwa. Moto wa Losalini ulipoanza kufa, akasema, "Nenda. Lakini mimi usinipeleke."

Asubuhi walikwenda wawili, Torika na wifi yake, na ndoo za chuma na chombo cha kuchotea chenye taya. Losalini alijikaza kwa maneno njia nzima. "Nikifa, kuku wangu mweusi ni wako. Usimle. Ana kinyongo." Walipoushuka mwamba, akaanza kutembea nyuma ya Torika.

Msitu wowote wa mikoko una kelele zake: kaa wanakwaruza, tope linapumua, vidole vya mizizi vinadondosha maji. Tobuvula haikuwa na sauti. Hapakuwa na tundu hata moja la kaa. Maji yalikuwa meupe kidogo, kama maji yaliyooshea mchele, na jua lilipoyapiga hayakumetameta. Torika alijiambia kwamba ndivyo mahali palipoachwa panavyokuwa. Walisukuma chelezo cha mianzi, walichokiunga hapo ukingoni, taratibu mpaka karibu na mwamba, ambako tope lilionekana nene zaidi, akashusha chombo chake kwa mnyororo.

Kikagonga kitu. Ngo.

Torika akashika mnyororo usitikisike. Kisha kutoka chini, bila yeye kuvuta wala kuachia, ikaja tena. Ngo. Ngo.

"Ni wewe?" aliuliza.

"Mikono yangu hii hapa, wifi," Losalini alisema, na kwa kweli alikuwa ameikunja kifuani.

Torika alijua yapo mawe chini ya maji, na chombo kikining'inia huyumba. Alisogeza chelezo kidogo, akachota, akajaza ndoo zote bila kuinua macho. Tope lilitoka jeusi, laini, likiwa na ubaridi usiolingana na jua lile, na juu yake palikuwa na harufu nyembamba ambayo hakuitambua, tamu kidogo, kama ya duka la fundi redio.

Emosi aliziona ndoo barazani akahamia upande mwingine wa nyumba. Baadaye aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Ulichota kati au karibu na mwamba?"

"Karibu na mwamba. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Hukukuta kitu?"

"Kitu gani, Mjomba?"

"Basi."

Siku ya kuondoka alimnusa mpwa wake mashavuni, kama watu wa huko wanavyoagana. Kisha akafanya jambo ambalo Torika hakuwahi kuliona: alimshika viganja, akavigeuza, akavinusa navyo, kimoja baada ya kingine, akaviachia polepole.

Maabarani, kazi ilikwenda kama kawaida. Tope likagandishwa, likakauka, likawa unga wa rangi ya majivu. Torika akautia ndani ya pipa, akawasha mashine ya kubingirisha. Unga mkavu ukibingirika hutoa sauti ya mvua ya mbali. Huu ulitoa sauti hiyo, na chini yake sauti nyingine, nzito, isiyofuata mzunguko wa pipa. Alizima, akafungua, akaingiza mkono wenye glavu mpaka kwenye kiwiko. Unga mtupu. Akafunga, akawasha. Safari hii alisimama karibu nalo akisikiliza hadi mlinzi wa jengo akaja kumuuliza kama haendi nyumbani.

Matope yakatiwa kwenye chupa, na chupa ya kwanza ikapelekwa kwenye mashine ya kupima. Mashine hiyo huchora mstari: palipo safi mstari hulala, palipo na kitu hunyanyuka kilele. Torika alitarajia mstari uliolala. Ukachorwa mlima, na mlima mwingine ukafuata, na mwingine, safu nzima ikapita mbele yake kwenye karatasi kama visiwa vinavyoonekana toka melini.

Dakta Deo alivaa miwani yake. "Torika, ndoo zilichanganyika na zile za bandari?"

"Hapana, Dakta."

"Pipa liliooshwa?"

"Nililiosha mwenyewe."

Dakta hakumlaumu, lakini macho yake yalilaumu, na Torika hakulala vizuri wiki ile. Aliosha kila kitu upya. Alikuwa ameweka akiba ya tope bichi kwenye friza. Akalipima hilo, ambalo halikuwahi kugusa pipa wala chekecheke. Milima ileile. Ndipo Dakta Deo akaleta mchoro mwingine toka kabatini, wa sumu inayojulikana, akauweka juu ya ule wa Tobuvula, akaiinua yote miwili kwenye mwanga wa dirisha. Vilele vikalaliana.

"Matope ya bandari yana uchafu wa kila namna," alisema. "Haya yana kitu kimoja tu. Mafuta ya transfoma za umeme, yale ya zamani yaliyopigwa marufuku. Hii si mvua, wala si upepo. Kuna mtu ameyapeleka pale."

"Pale haendi mtu, Dakta."

"Ndiyo maana," Dakta Deo alisema.

Kabla Torika hajajua afanye nini, Losalini alimpigia kwa simu ya kijiji. Sauti yake haikuwa na utani. "Wifi, baba hali chakula. Ameelekeza kiti ukutani, anakaa hivyo. Anasema umemtoa."

"Nimemtoa nani?"

"Ndicho nilichomuuliza. Akasema, mwambie aje."

Alipofika, Emosi alikuwa amevaa shati la kanisani. Hakumpa hata nafasi ya kula. Aliongoza njia, mzee wa miaka sabini na kitu akipanda mwamba kwa mikono, Torika na Losalini wakimfuata. Ilikuwa adhuhuri ya maji kupwa, kupwa kwa namna inayotokea mara chache kwa mwaka, na Tobuvula ilikuwa imejinywa. Karibu na mwamba, pale walipochota, tope lilikuwa limeporomoka, na ndani ya tope palionekana mbavu. Torika alidhani ni nyangumi. Alipotazama tena akaona ni mbavu za chuma, mapezi ya kupozea joto yaliyopangwa ubavuni mwa sanduku kubwa, na nyuma yake sanduku jingine limeinama.

"Kiwanda kilipofungwa," Emosi alisema, akiwa amesimama bila kutazama chini, "meneja aliniambia, Emosi, masanduku yale ya umeme yaondoe, sitaki kuyaona. Hakuniambia niyapeleke wapi. Nikamchukua Waisale, tukayapakia kwenye mashua. Nilijua mahali pamoja ambapo hakuna atakayechungulia."

"Waisale yupi?" Losalini aliuliza. "Mume wa mama Laisani? Yule aliyekimbilia mjini?"

"Huyohuyo," baba yake alisema. "Watu waliona taa zetu. Kulipokucha kijiji kizima kinasema binti wa chifu ameamka. Sikukanusha. Niliongezea. Nilisema nimemsikia akigonga, na atakayesikia kugonga asiende kutazama, maana atafuatwa mpaka nyumbani. Wakaniamini. Mimi nilikuwa mlinzi, mtu wa kukesha."

Alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Waisale alitaka shaba iliyomo ndani. Nilimkataza. Siku moja ya maji kupwa kama leo, watu wako kanisani wanafanya mazoezi ya kwaya, tukasikia. Ngo. Ngo. Kijiji kizima kilisikia. Wanawake wakaingiza watoto ndani, mchungaji akafunga madirisha. Iligonga mchana ule. Ikagonga alasiri, maji yalipoanza kurudi, ikawa inagonga haraka haraka. Halafu ikanyamaza."

Torika akamsogelea. "Mjomba. Ulijua ni nani?"

"Nusu ya moyo wangu ilijua. Ile nusu nyingine ilikuwa imeshaanza kuuamini uongo wangu." Akavuta pumzi. "Kulipokucha mashua ya nazi kavu iliondoka. Nikasema nimemwona Waisale akipanda. Laisani alikuwa mjamzito."

Losalini alitoka pale, akaenda kukaa mbali juu ya jiwe, amewapa mgongo. Torika alibaki na mjomba wake. Alitaka kumchukia ikashindikana, na kumhurumia nako kukashindikana. Kilichomjia kichwani ni lile pipa likibingirika na sauti iliyokuwa chini ya sauti.

"Kwa nini hukuniambia nisichote?"

"Nilikuambia, mwanangu. Ukasema wewe ni mtoto wa dada yangu." Kwa mara ya kwanza akatazama bwawani. "Na huenda nilikuwa nimechoka kupalinda."

Walirudi kijijini. Torika alimwambia kwamba kabla ya yeye kuwapigia simu watu wa serikali, neno hili lazima limfikie Laisani, na limfikie kwa kinywa chake yeye Emosi. Mzee hakubisha. Alilitoa jino la nyangumi, lile la kuombea msamaha, lililokuwa la baba yake, lenye kamba iliyochakaa, akalibeba kwa mikono miwili mbele za watu mpaka nyumba ya mjane, akapiga magoti mlangoni, akasema yote. Mtoto wa Waisale, ambaye sasa alikuwa mwanamume mwenye watoto wake, aliingia ndani akatoka na panga. Wanaume wakamshika. Laisani hakupiga kelele. Alikaa amelitazama jino lile juu ya mkeka, jua likazunguka mlango, Emosi akiwa bado magotini. Mwishowe akanyoosha mkono akaligusa.

"Jino nimelipokea," alisema. "Wewe sijakupokea."

Serikali ilileta tishali na winchi, na watu waliovaa mavazi meupe yaliyowafunika hadi nyuso. Waliyang'oa masanduku moja baada ya jingine, tope likiyang'ang'ania na kuyaachia kwa sauti ya kufyonza. Ubavuni mwa lililokuwa karibu zaidi na mwamba walimkuta Waisale. Tope lilikuwa limeishika mifupa yake wima, kama mtu aliyesimama kungojea zamu. Nyundo ilikuwa pale pale ulipokuwa mkono wake. Na ubavu wa sanduku, kuanzia usawa wa kifua kwenda juu, ulikuwa umebonyea vishimo vidogo vidogo, kimoja juu ya kingine, vikipanda kadiri maji yalivyokuwa yakipanda.

Wakamzika Vatuloa, kwaya ikaimba, na Emosi alisimama nje ya ua wa kanisa mpaka watu walipotawanyika. Hakuuona msimu wa mvua uliofuata. Losalini alimkuta asubuhi amelala ubavu, na alisema baba yake hakuwa mgonjwa, alikuwa kama mtu aliyemaliza kazi ya usiku. Tangu siku ile ya mwamba Losalini hakuwahi kumtania Torika tena. Walipoonana walishikana mikono, wakaongea habari za watoto wa watu.

Zikabaki chupa. Zilikuwa zimepangwa kwenye chumba baridi, rafu hadi rafu, hazifai kuitwa safi na hakuna aliyetaka kuziita jina jingine. Mtaalamu mmoja wa nje aliandika kwamba matope yenye sumu ya asili moja ni adimu, yangefaa sana kulinganishia, angezinunua zote. Torika alimwomba Dakta Deo akatae. Dakta akamwandikia mtaalamu yule kwamba hauzi. Sheria ilitaka basi ziondolewe pamoja na yale masanduku, zivushwe kwa meli hadi Australia, zichomwe kwenye tanuri kali ambalo halibakizi kitu.

Habari zikafika Vatuloa. Laisani akaja Suva, amevaa nguo nyeusi ya msibani na fulana ya sufi aliyoazima kwa ajili ya baridi aliyosikia ipo kwenye chumba kile. Torika alimfungulia. Mama yule alitembea mbele ya rafu polepole, kama mtu anayetafuta kaburi katika makaburi asiyoyajua, akasimama, akachukua chupa moja.

"Hii ndiyo ya karibu naye?"

"Hakuna ya karibu wala ya mbali, mama. Tuliyachanganya. Kila chupa ni sawasawa na nyingine."

Laisani akaiinamisha chupa. Unga ukateleza ndani bila sauti. "Kwa hiyo yumo katika zote."

Torika alifikiria kumwambia habari za mifupa, kwamba imeonekana, imehesabiwa na daktari, imezikwa. Kwamba huu ni unga tu wa tope. Lakini alijua alichota kina kipi, na alijua nyama ya mtu huenda wapi.

"Sijui, mama," alisema. "Huenda."

Dakta Deo alikuwa amefika mlangoni. Alikuwa amesikia. Alivua miwani ikaning'inia kifuani.

"Wanasema mtazichoma," Laisani alimwambia. "Kwetu mtu hachomwi."

"Kwetu huchomwa," Dakta Deo alisema. "Baba yangu tulimchoma kando ya mto Rewa. Kaka yangu ndiye aliyewasha. Si adhabu, mama. Ndiyo njia yetu ya kumfungulia mtu."

Mashine za baridi zilivuma juu yao. Laisani alirudisha chupa mahali pake, akaigeuza kidogo ilingane na wenzake.

"Kuna maneno husemwa, moto ukiwashwa?"

"Yapo."

"Basi utayasema wewe. Sisi hatuyajui."

Dakta Ambika Deo hakuwa mtu wa ibada. Torika alifanya kazi naye miaka mingi, hakuwahi kumsikia akitaja hekalu. Lakini asubuhi ya meli alikuja bandarini amevaa sari nyeupe na viatu vya maabara. Kontena lilikuwa limefungwa na kutiwa rangi ya alama ya sumu. Alisimama karibu nalo kuliko ilivyoruhusiwa, akasema maneno yake kwa sauti ya chini, kwa haraka, akikosea mahali na kurudia. Laisani aliinamisha kichwa kana kwamba anaelewa. Torika alikuwa ameshika chupa ya chai ya moto na vikombe, hajui aviweke wapi. Winchi ikaliinua kontena, likazunguka polepole hewani, likashushwa tumboni mwa meli. Halafu Laisani akauliza ni basi gani liendalo Nausori, kwa maana mjukuu wake alikuwa akimngojea huko, na wote watatu wakatoka pamoja kwenda kulitafuta.